Walioufungua Mlango

Seyyid Said bin Sultan wa Oman aliitaka Mombasa kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi Mombasa ilimkatalia. Mwaka 1828, baada ya kurushiana mizinga, aliingia Ngomeni kwa mapatano, akaacha askari wake ndani, akaenda zake. Wenyeji wakaizingira ngome, wakawakatia chakula, na wale askari wakatolewa na njaa. Akarudi na merikebu, akashindwa. Akarudi tena 1833, akashindwa tena. Halafu mwaka 1837 akaja kwa mara nyingine, na safari hii mji ukamwangukia mkononi bila vita vya maana.

Mizinga haikuwa imeongezeka nguvu kiasi hicho. Kuta za Fort Jesus zilikuwa zile zile alizojenga Mreno. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya mji. Salim bin Ahmed, liwali wa Kimazrui, alifariki 1835, na ukoo wake ukaanza kugombania kiti. Waswahili wa Mombasa nao walikuwa makundi mawili toka zamani: Tisa Taifa, wenye Mvita, na Thalatha Taifa, yaani Kilindini, Tangana na Changamwe. Mazrui walitawala kwa kuyashika makundi yote mawili. Mkono mmoja ulipolegea, wakubwa wa Thalatha Taifa walimwita Said aje. Akaja.

Naanza na hadithi hii kwa sababu kuna swali ambalo huzuka kila maskani, kuanzia Kisauni mpaka Mtongwe, na sijawahi kusikia likijibiwa vizuri. Watu wa mji mmoja wakipigana wenyewe kwa wenyewe, kwa nini huyu hushinda na yule hushindwa? Majibu ni mawili, na yote yanakuja haraka mno. La kwanza: Mungu kampa. Aliyeshinda alikuwa na haki, au bahati, na bahati nayo ni kutoka juu. La pili: tulisalitiwa. Hili ndilo tulipendalo zaidi sisi wa Pwani, maana limetuzoea. Uliza kwa nini Pwani iko ilivyo, kabla hujamaliza kikombe cha kahawa utakuwa umetajiwa wasaliti wa zama tano.

Nadhani majibu yote mawili yanafanya kazi moja. Yanatuzuia kuuliza upande ulioshindwa ulikuwa ukiwafanyia nini watu wake.

Hebu tuwaangalie hao wa Changamwe. Kabla jina hilo halijawa la rifaineri, na malori, na foleni isiyoisha pale mzunguko wa barabara, lilikuwa jina la taifa, watu wenye wazee wao na hadhi yao. Katika Mombasa ya Mazrui walikuwa ndani ya serikali na nje yake kwa wakati mmoja. Waliitwa vita vikija. Walishauriwa mambo yakiwa mazito. Lakini kiti hakikuwa chao wala hakingekuwa chao, na mbele yao daima walikuwapo Tisa Taifa. Sasa jiweke mahali pa mzee wa Changamwe mwaka 1836. Mazrui wakishinda tena, wewe unabaki pale pale ulipokuwa jana. Mazrui wakishindwa, unampata bwana aliye mbali, Zanzibar au Maskati, ambaye atakuhitaji ili ashike mji asiokaa. Hesabu hiyo si ngumu. Mtu ambaye ushindi wenu haumwongezei kitu, kwa nini afe kwa ajili yake?

Tunamwita msaliti. Sawa, neno lipo, tulitumie. Lakini msaliti hawezi kufungua mlango ambao hakupewa ufunguo wake, na wale walikuwa na ufunguo kwa sababu vita vyote vya kabla ya hapo vilipiganwa nao. Njaa iliyowatoa askari wa Said Ngomeni haikuletwa na Mazrui peke yao. Kisiwa kile hakijilishi. Kilishwa na bara: nafaka, mifugo, tembo, na watu wa mishale wa Kimijikenda ambao kila taifa la mji lilikuwa na urafiki nao wa miaka. Wadigo na Waduruma walisimama na Thalatha Taifa. Wengine wa upande wa kaskazini walisimama na Tisa Taifa. Ukimpoteza Changamwe humpotezi mtu mmoja. Unapoteza njia ya kwenda bara, na bila bara ngome ni jumba la mawe lenye kisima.

Kwa hivyo jibu langu la kwanza ni hili. Katika vita vya ndugu, mshindi huamuliwa na yule wa katikati, ambaye si jemadari wa upande wowote, na yeye huamua kwa kumbukumbu. Anakumbuka alivyotendewa wakati hakuna vita.

Hili si jambo la Mombasa pekee. Uganda, Februari 1981, Yoweri Museveni alianza vita na watu wachache sana, wenyewe husema walikuwa na bunduki 27. Alipigana Luwero miaka karibu mitano. Ukisoma maelezo ya washindi utadhani yote yalikuwa nidhamu na mikakati. Nidhamu ilikuwapo, sikatai. Lakini Julai 1985 serikali ya Obote haikuangushwa na watu wa Luwero. Iliangushwa na jeshi lake lenyewe, maofisa wa Kiacholi chini ya Tito Okello waliochoka kufa mbele huku vyeo vikienda kwa Walango. Miezi sita baadaye, Januari 1986, Museveni akaingia Kampala. Mlango ulikuwa umeshalegezwa na watu waliokuwa wameulinda. Ukiwabadilisha majina na nguo, hao ni Thalatha Taifa wa Uganda.

Ibn Khaldun aliliona jambo hili karne ya 14 akaliita asabia, ule mshikamano unaowafanya watu wafe pamoja. Yeye alisema dola huupoteza kwa starehe: kizazi cha kwanza ni wagumu, cha nne ni walaini, halafu wanatoka wagumu wengine jangwani wanawang'oa. Namheshimu sana mzee huyu, lakini kwa Mombasa naona hakulenga. Mazrui wa 1837 hawakuwa wamelainika kwa starehe. Walikuwa wamechoka kwa vita na kubanwa baharini. Mshikamano haukuyeyuka kwenye mito ya hariri. Ulikatika pale ambapo mtu alihesabu fungu lake akaona ni dogo, tena ni dogo kila mwaka.

Lingine la kutazama ni nani alikuwa na maneno. Tunaambiwa historia huandikwa na washindi. Mombasa imekataa kanuni hiyo. Mshairi mkubwa wa enzi zile, Muyaka bin Haji, alikuwa upande wa Mazrui, upande ulioshindwa, na mashairi yake ndiyo yaliyobaki vinywani mwa watu hadi yakaandikwa. Karne moja baadaye historia ya utawala wa Mazrui iliandikwa na Mmazrui, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wakubwa wa Changamwe waliofungua mlango hawakuacha kitabu wanachokijua watu wa rika langu. Walishinda, na tunawasikia kupitia midomo ya waliowashinda. Labda ndiyo sababu tunawaita tunavyowaita.

Sasa, msomaji makini ameshaona shimo katika maneno yangu. Nikisema upande hushindwa kwa sababu uliwadhulumu watu wake wa kati, nimerudi kule kule kwa Mungu kampa, ila kwa nguo mpya. Nitakuwa nimesema walioshindwa walistahili. Na hilo silikubali, kwa sababu ya vita vya pili.

Mazrui waliosalimika 1837 walitawanyika. Viongozi wao zaidi ya 20 walikuwa wamekamatwa kwa hila na kusafirishwa hadi Bandar Abbas, wakafia huko. Waliobaki, wengine wakaenda kaskazini Takaungu, wengine kusini Gazi. Mwaka 1895 liwali wa Takaungu akafariki, na ukoo ukagawanyika tena: nani arithi? Waingereza, ambao kampuni yao ilikuwa imekodi mwambao kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, walimchagua Rashid bin Salim kwa vile waliona atawafaa. Wale waliomtaka Mubarak bin Rashid wakakataa, Aziz nduguye akiwa mbele. Mzozo wa urithi, ugomvi wa nyumba moja kabisa, ukawa vita vya pwani nzima pale Mbaruk bin Rashid, mzee wa Gazi, alipowapokea waasi badala ya kuwatoa.

Mbaruk alikuwa mzoefu. Alishapigana na masultani wa Zanzibar mara kadhaa kabla ya hapo, na alikuwa na mbinu moja iliyomfaa kila mara. Ukimjia Gazi, anapanda milima ya Shimba hadi boma lake la Mwele. Ukimfuata Mwele, anakusubiri. Jeshi la Sultani linakula, linaugua, linadai mshahara. Mwisho mnapatana, kila mtu anarudi kwake, na Mbaruk anarudi Gazi. Kushinda kwake kulikuwa kutoshindwa, na kwa adui aliyechoka hiyo inatosha.

Agosti 1895 Admirali Rawson alipanda huko na wanamaji wake, wakaliteka boma la Mwele. Mbaruk akaendelea kwa njia yake, kupiga na kupotea, kutoka Vanga mpaka karibu na Malindi. Ingekuwa adui ni yule wa zamani, huenda angeshinda tena. Lakini huyu mpya alikuwa na kitu ambacho Sultani hakuwa nacho: hakuwa na haraka, na aliyekuwa akichoka hakuwa mtu wake. Askari walipopungua waliletwa wengine kwa meli kutoka India. Vijiji vilivyowalisha wapiganaji vilichomwa. Wenye mashamba, wale wale wa katikati niliowataja, wakafanya hesabu yao. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na maelfu ya wafuasi, akajisalimisha kwa Wajerumani, akafia uhamishoni Dar es Salaam.

Je, Waingereza walishinda kwa sababu waliwatendea haki watu wa katikati? Wallahi hapana. Hawakumtendea haki mtu. Walishinda kwa sababu walikuwa na bahari nzima nyuma yao. Walipomaliza vita, ile ngome iliyogombewa miaka mia wakaigeuza jela, na mwaka 1908 wakaleta sheria ya hatimiliki iliyomtaka kila mwenye ardhi mwambaoni ajitokeze na kuidai kwa njia yao, kwa karatasi. Mdigo ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo, bila karatasi, alilala mwenyeji akaamka anakaa kwenye ardhi ya serikali. Neno skwota lilizaliwa hapo, ingawa aliyeitwa hivyo alikuwa hajahama hata hatua moja.

Na tusimfanye Mbaruk kuwa shujaa wa bango. Najua kuna wanaotaka. Alipigana na mkoloni, ndiyo, na kwa hilo jina lake linastahili kujulikana Likoni na Msambweni kuliko linavyojulikana. Lakini Mazrui wa Takaungu na Gazi walikuwa mabwana wa mashamba na watumwa. Alikuwa na watoro pia kati ya wapiganaji wake, watu waliokimbia mabwana wengine, na hilo linaonyesha jinsi mambo yalivyokuwa yamechanganyika. Hapa Kisauni, pale Frere Town, kulikuwa na kijiji cha watu waliookolewa kutoka utumwani, kilichoanzishwa na wamishenari mwaka 1875. Mkaazi wa kijiji kile mwaka 1895 angemwombea nani ashinde? Mkoloni aliyekuja kuchukua nchi, au bwana wa pwani ambaye ushindi wake ungeweza kumrudisha shambani kwa nguvu? Mimi nikiwa mahali pake ningemwombea Mwingereza, na ningekuwa na haki, na bado nchi ingekwenda.

Hapo ndipo jibu langu la kwanza linapofika mpaka wake. Vita vya ndugu huamuliwa na haki ya ndani, namna mlivyogawana, mradi tu hakuna mgeni mwenye mfuko usio na mwisho. Mgeni huyo akishaingia, haki ya ndani haiamui tena kitu. Na tatizo ni kwamba dhuluma ya ndani ndiyo humwita mgeni. Mombasa na Pate walitaka kuikalia Lamu mwanzoni mwa miaka ya 1810, wakapigwa vibaya pwani ya Shela. Lamu kwa woga wa kurudiwa wakamwita Said. Thalatha Taifa wakamwita Said. Takaungu wakagombana, Mwingereza hakuhitaji hata kuitwa. Wahenga walisema vita vya panzi neema ya kunguru, na sisi tunaisema kila siku bila kukumbuka kwamba hata hawa kunguru weusi wa Mombasa asili yao ni India, walikuja huku mwambao kwa meli wakakuta vyakula vimezagaa.

Haya, vita vya tatu. Hivi ni vya karibu zaidi, na wengi hawataki kuviita vita.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, vijana waliokula kiapo misituni, wengine kule Kaya Bombo, walivamia kituo cha polisi cha Likoni. Waliua polisi sita, wakachukua bunduki zaidi ya 40, wakaingia mitaani. Waliotafutwa ni watu wa bara: Waluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya. Vibanda vya biashara karibu na feri vilichomwa. Kabla ya wiki chache kwisha watu zaidi ya 100 walikuwa wameuawa na wengine kama 100,000 wamehama makwao. Kanisa Katoliki la Likoni lilijaa watu na magodoro.

Vijana wale waliambiwa nini? Kwamba majimbo yanakuja. Kwamba wabara wakiondoka, ardhi itarudi na kazi za bandarini na za mahoteli zitakuwa zenu. Na ukweli mchungu ni kwamba malalamiko yenyewe hayakuwa ya uongo. Kijana wa Kidigo wa Likoni mwaka 1997 alikuwa anaishi kwenye ardhi ya babu yake bila hatimiliki, akiangalia feri ikileta watu wa kazi ambazo yeye haitwi. Yule mtu wa katikati, mwenye kumbukumbu ya namna anavyotendewa, alikuwa ndiye huyu. Uchaguzi ulikuwa Desemba ile ile. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka uliofuata, ilisikia ushahidi mwingi kuhusu siasa iliyokuwa nyuma ya ghasia zile, na ripoti yake ikakaa kabatini hadi 2002.

Sasa tuulize swali letu. Nani alishinda Likoni?

Wabara waliofukuzwa hawakushinda. Kuna nyumba zilizouzwa kwa bei ya kutupa na mwenyewe hakurudi hata kuangalia. Vijana wa kiapo hawakushinda: misako ilikuja, Wadigo ambao hata hawakujua kiapo kilipo walipigwa na kufungwa, na wengine wana makovu hadi leo. Mahoteli ya kusini yalikosa wageni, na kazi zilizoahidiwa zilipotea kwa waliokuwa nazo na kwa waliozitaka. Chama tawala? Moi alirudi Ikulu Desemba ile, lakini kiti cha ubunge cha Likoni kilichukuliwa na Suleiman Shakombo wa chama kidogo cha Shirikisho. Waliopigiwa hesabu walikataa kujumlishwa. Napenda jambo hilo, ingawa halimfufui mtu.

Kuna jibu moja ambalo husemwa kwa sauti ya chini, na ndilo linaloniudhi zaidi. Wapo wanaosema: sisi tulishinda, ila polepole. Wanakuonyesha shamba la Waitiki, ekari zaidi ya 900 hapo hapo Likoni, ambalo watu waliliingia wakati wa ghasia zile na hawakutoka. Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta alikuja akagawa hatimiliki kwa maelfu ya wakaazi wake. “Ungengoja korti ungepata lini?” Ndivyo wanavyouliza. “Mbona wasema hapakuwa na faida?”

Swali hili halistahili kupuuzwa, maana ni swali la kweli la maadili na aliyeuliza si mjinga. Ikiwa njia ya haki imefungwa miaka 90, tangu 1908, na njia ya panga imekupa hatimiliki ndani ya miaka 19, nitakuambia nini? Kwamba ungojee tena?

Nitakuambia mambo mawili, na la kwanza ni la hesabu tu. Panga halikuleta hatimiliki. Wakaazi wa shamba lile waliambiwa walipe, kila mmoja fungu lake, kwa serikali iliyonunua ardhi hiyo kwa mwenye karatasi. Yaani mwishoni sheria ya 1908 ndiyo iliyoshinda: aliyekuwa na karatasi alilipwa, aliyekuwa na makaburi ya mababu akatozwa. Kama huo ni ushindi wa Wadigo, basi nao umefungwa kwa karatasi ya yule yule aliyemfukuza Mbaruk. Na ardhi ilitolewa mwaka mmoja na miezi kabla ya uchaguzi mwingine, ambayo ni namna nyingine ya kukumbushwa mkono ulioishika kalamu.

La pili si la hesabu. Mama muuza samaki wa Kiluo aliyeuliwa karibu na feri, au fundi cherehani wa Kikamba, hakushika hatimiliki ya mtu. Wenye ardhi za Likoni hawakuwa wakiishi kwenye vibanda vya mabati. Waliopigwa ni waliofikika. Nikikubali kwamba hatimiliki ya 2016 inasafisha usiku wa 1997, nimekubali kwamba mtu yeyote aliyekaribu na mimi anaweza kuwa bei ya kitu anachoshika mtu aliye mbali. Na mimi ni wa karibu na mtu pia. Ukivuka Makupa kwenda bara, mimi ndiye mgeni. Nairobi jina langu na lafudhi yangu vinafika kabla yangu. Kanuni ya Likoni ikihamia Eastleigh au Nakuru, wa kufikika nitakuwa mimi.

Kwa hivyo kusema “ilifanya kazi” ni kosa lile lile la Mungu kampa: kuchukua matokeo na kuyarudisha nyuma yawe sababu na haki. Tunalifanya kwa 1837, tunalifanya kwa 1895. Aliyeshinda tunamtafutia fadhila. Aliyeshindwa tunamtafutia msaliti. Na ikiwa wote wameshindwa, kama Likoni, tunatafuta ushindi mahali fulani, hata miaka 19 mbele, ili waliokufa wasiwe wamekufa bure. Naelewa haja hiyo. Ni ngumu mno kuishi mtaa ambao watu walikufa bure.

Wakati MRC walipoanza kuandika “Pwani si Kenya” kwenye kuta, mabishano yote yalikwenda kwenye mikataba: Sultani alikodisha mwaka gani, mwaka 1963 nani alitia saini, karatasi gani iko London. Vijana wengi walijua vifungu kuliko mawakili. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza, hiyo Pwani ikipatikana, mzee wa Changamwe atakaa wapi? Mgiriama wa Kisauni atakuwa nani mbele ya Mswahili wa Mji wa Kale, na yule Mkamba aliyezaliwa Chaani, ambaye babu yake alikuja kufanya kazi ya reli, atahesabiwa wapi? Hayo yaliachwa kwa baadaye. Mazrui nao, naamini, waliyaacha kwa baadaye.

Thalatha Taifa walipata walichotaka, kwa muda. Said aliwaheshimu wazee wao, wakawa na tamimu wao, na Tisa Taifa wakawa na wao. Halafu Sultani aliyefuata baada ya yule na yule akakodisha mwambao kwa kampuni ya Kiingereza, bila kuwauliza. Mji wa Kilindini hauko tena. Jina limebaki kwa bandari. Changamwe imebaki kwa mabohari, matangi ya mafuta na malori ya trela. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza makontena yanayoshushwa Kilindini yapelekwe moja kwa moja bara kwa treni ya SGR, mabohari ya Changamwe yakaanza kufunga na wenye malori wakauza malori. Watu wakaandamana kila Jumatatu mjini, wakiwa na mabango, na wakiuliza nani hapa Mombasa alikubali jambo hili kwa niaba yao. Majina kadhaa yalitajwa. Kila upande ulikuwa na orodha yake.